Soma Kwanza, Andika Baadaye: Mhadhara Kuhusu Safu ya Diski Inapoanguka Nyumbani

Nashukuru kwamba mmeacha mpira wa Jumamosi mkaja kusikiliza habari za diski. Wanaofuatilia matokeo kwa simu nawaomba washushe sauti tu, sitawanyang'anya.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta kasoro katika safu ya diski inayoendeshwa na programu, ile inayojulikana kwa jina la RAID, kwenye seva ya mafaili ya nyumbani. Nia yangu naiweka wazi mapema. Safu inapoanguka, mara nyingi data bado zipo pale pale kwenye visahani vya diski, na kinachozimaliza ni amri zinazopigwa kwa pupa katika saa ya kwanza. Kwa hiyo jioni hii nitazigawa amri zote makundi mawili: zinazosoma tu, na zinazoandika. Kundi la kwanza halimdhuru mtu. La pili nitaomba liahirishwe mpaka ugonjwa ujulikane.

Mifano yangu yote ni ya Linux. Ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za zamani ambazo watu wamezigeuza kuwa seva za picha za harusi, hotuba, mashamba na hati za viwanja. Hata visanduku vya dukani kama vile Synology na QNAP, ukivichungulia ndani, vingi vinatumia safu hiyo hiyo ya Linux.

1. Ahadi ya safu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani

Wazo la RAID lilipewa jina katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walitoa makala iliyolinganisha diski kubwa ya IBM 3380, yenye gigabaiti 7.5, na diski ndogo ya Conner CP3100 yenye megabaiti 100. Walitaka kuonyesha kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zikifungwa pamoja zinaweza kuishinda ile kubwa. Tatizo waliliona wenyewe: diski zikiwa nyingi, siku ya moja kufa inakaribia zaidi. Ikabidi pawe na njia ya kukipata kilichokuwamo katika diski iliyokufa.

Walio katika vikoba watanielewa upesi. Wanachama watatu wameweka 5,000, 3,000 na 9,000, na katibu ameandika jumla, 17,000. Ukurasa wa mmoja ukilowa maji, kiasi chake kinapatikana kwa kutoa. Kurasa mbili zikilowa, hakuna hesabu itakayowasaidia. RAID 5 inafanya hivyo hivyo kwa biti badala ya shilingi. Jumla yake, tunayoiita pariti, haikai kwenye diski moja bali inazungushwa kwa zamu kwenye diski zote. RAID 6 inaweka hesabu mbili za namna hiyo, kwa hiyo inavumilia diski mbili kufa. RAID 1 haina hesabu yoyote, inanakili tu.

Basi ahadi ni hiyo: diski moja ikifa, kazi inaendelea. Safu haikuahidi kumzuia mtoto asifute picha, wala virusi visifunge mafaili, wala mwizi asibebe kompyuta nzima na diski zake zote nne. Hayo ni kazi ya nakala rudufu iliyowekwa mahali pengine, na katika mhadhara huu sitayarudia. Asiye na nakala rudufu naomba anisikilize kwa makini kuliko wenzake.

2. Safu iliyoanguka bado inasema

Kwenye Linux, safu huendeshwa na sehemu ya kerneli iitwayo md, na chombo cha kuisimamia ni mdadm, kilichoanzishwa na Neil Brown wa Australia. Jambo la kwanza kufanya ni kusoma faili moja, /proc/mdstat. Tuchukue safu ya diski nne ya RAID 5. Utaona mstari kama huu:

md0 : active raid5 sdb1[0] sdc1[1] sdd1[2] sde1[4](F)
[4/3] [UUU_]

Maana yake: safu inahitaji diski 4, zilizopo ni 3. Herufi U ni diski iliyo kazini, na kistari cha chini ni pengo. Alama (F) imewekwa kwenye diski ambayo md imeitoa kazini. Hapa nitoe angalizo, maana wengi wanashtuka: nambari [4] ya diski ya mwisho si kosa. RAID 5 inapoundwa, mdadm huichukua diski ya mwisho kama ya akiba na kuijenga, hivyo inapata nambari inayoruka moja. Nimeona watu wakiitafuta diski namba 3 iliyopotea, na wala haikuwahi kuwapo.

Baada ya hapo zipo amri nne, na zote zinasoma tu. mdadm --detail inaeleza safu nzima inavyojiona. mdadm --examine inaeleza kila diski peke yake inakumbuka nini. smartctl -x inatoa historia ya afya ya diski. journalctl -k inatoa kumbukumbu za kerneli, yaani nani alianza kulalamika, saa ngapi, na kwa maneno gani. Majibu yote yahifadhi nje ya safu hiyo: kwenye flashi, au hata yapige picha kwa simu.

Pia andika nambari ya kiwandani ya kila diski, ile iliyo kwenye lebo yake, kando ya jina lake la siku hiyo. Jina sdb si mali ya diski. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, iliyokuwa sdb inaweza kuwa sdd. Mtu anayefungua kasha na kuchomoa diski ya tatu kutoka juu kwa kuwa sdd ni ya tatu anaweza kuchomoa nzima, akaiacha mbovu, na safu iliyokuwa pungufu kwa diski moja ikawa pungufu kwa mbili. Kalamu ya wino mzito na kipande cha karatasi ya kunata vinatosha kuzuia hilo.

3. Mtuhumiwa wa kwanza asiwe diski

Fundi akiona (F) anakimbilia dukani kununua diski mpya. Namsihi asubiri kidogo, kwa sababu herufi hiyo inamaanisha tu kwamba md ilimtuma mtu na hakurudi. Haimwambii fundi kama alifia njiani au kama njia yenyewe ndiyo iliyoharibika.

Angalia saa kwanza. Diski mbili zikitoka katika sekunde ile ile, ni nadra sana kwamba zimekufa pamoja. Tafuta kitu zinachochangia: waya wa umeme uliogawanywa mara mbili, kadi ya SATA, au pawasaplai. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Diski nne zikianza pamoja, hapo pekee ni karibu wati 100 kwa sekunde chache, na pawasaplai ya kompyuta ya ofisini iliyokaa miaka kumi inaweza kuyumba. Sisi tuliopitia mgawo wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 tunajua umeme unavyorudi: unarudi kwa kishindo, unakatika tena, unarudi. Safu nyingi za nyumbani zinaangukia hapo hapo, wakati wa kuwaka.

Kisha soma takwimu za SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, lakini usizisome zote. Nne zinatosha kuanzia. Namba 5 ni sekta ambazo diski imeziacha na kuhamia kwenye akiba yake. Namba 197 ni sekta zinazosubiri uamuzi kwa sababu hazisomeki. Namba 198 ni zile zilizoshindikana kabisa kwenye uchunguzi. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na mara nyingi chanzo chake ni kebo. Namba 199 haishuki hata tatizo likiisha. Kwa hiyo iandike, badilisha kebo, tumia safu kwa siku kadhaa, kisha itazame tena. Ikiwa imesimama, umeokoa bei ya diski kwa kebo ya shilingi elfu chache.

SMART ikiwa safi, je, diski haina hatia? Hapana. Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Walikuta kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika SMART, ukiacha joto. Katika mkutano huo huo Bianca Schroeder na Garth Gibson, yule yule wa makala ya 1988, walionyesha kwamba katika vituo vikubwa diski zinazobadilishwa kwa mwaka ni kawaida kufika asilimia 2 hadi 4, ilhali karatasi za watengenezaji ziliashiria chini ya asilimia 1. Kwa hiyo SMART ikilalamika iamini, ikinyamaza usiipe dhamana.

Sasa nije kwenye chanzo ambacho nadhani ndicho kinachosingizia diski nyingi kuliko vyote, na ambacho hakionekani ukifungua kasha. Diski ya kawaida ya mezani ikikuta sekta ngumu hujaribu tena na tena kuisoma, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika nzima, kwa sababu imetengenezwa ikidhani haina mwenzake wa kumsaidia. Kerneli ya Linux, kwa upande wake, hungoja sekunde 30. Zikipita, inaona diski haijibu, inalivunja na kulianzisha upya unganisho. Md inapata taarifa ya kosa, inakokotoa data kutoka kwa diski nyingine na kutaka kuiandika upya ile sekta, lakini diski bado imezama katika majaribio yake na haipokei kitu. Kuandika kunashindikana. Na kanuni ya md ni kwamba kosa la kusoma linavumilika, la kuandika halivumiliki. Diski inafukuzwa kwa ajili ya sekta moja ya baiti 4,096.

Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya safu hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kusema: nimeshindwa. Md inairekebisha sekta na maisha yanaendelea bila mtu kujua. Ili kujua diski yako ni ya kundi gani, uliza kwa smartctl -l scterc. Ikikubali, iwekee sekunde 7 kwa kuandika scterc,70,70, maana kipimo chake ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ikikataa, basi iongezee kerneli subira: andika 180 katika faili la timeout la diski hiyo chini ya /sys/block. Mipangilio hii kwa kawaida hupotea kompyuta ikizimwa, kwa hiyo iwekwe kwenye hati inayojiendesha wakati wa kuwaka. Ukitoka hapa na jambo moja tu la kwenda kufanya usiku huu, lifanye hili.

4. Diski mbili zinapoanguka

Hapa ndipo watu wanapopoteza mafaili, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo.

Ile safu yetu ya diski nne imezimika. Ukijaribu kuiwasha, mdadm inasema imepata diski mbili tu, hazitoshi. Kwa kanuni ya kikoba, mchezo umekwisha. Lakini tusome kila diski kwa mdadm --examine. Kila mwanachama wa safu ana eneo dogo, superbloku, lenye hesabu ya matukio inayopanda kila hali ya safu inapobadilika, tarehe ya mwisho ya kuandikwa, na kumbukumbu ya wenzake waliokuwapo. Tuseme tumepata hivi:

sdb1: matukio 18452, hali AA..
sdc1: matukio 18452, hali AA..
sdd1: matukio 18449, hali AAA.
sde1: matukio 9107, hali AAAA

Herufi A ni mwenzangu yupo, nukta ni hayupo. Anzeni chini. Diski sde1 inakumbuka wote wanne wakiwapo, kwa sababu ilitolewa kabla haijapata habari za kutolewa kwake. Hesabu yake imeachwa nyuma mno, na tarehe yake, tuseme, ni ya Machi. Diski sdd1 inakumbuka watatu: inajua kwamba sde1 iliondoka, lakini haijui kwamba nayo imeondoka. Hesabu yake imepungua 3 tu, na tarehe yake ni ya leo asubuhi. Sdb1 na sdc1 ndizo zilizobaki, na zinajua yote.

Historia imejiandika yenyewe. Diski ya nne ilianguka mwezi wa tatu na hakuna aliyejua. Safu ikaendelea miezi yote hiyo bila akiba, kama ilivyoahidi. Leo umeme umeyumba, diski ya tatu ikatoka safu ikiwa bado kazini, na safu ikalala. Diski ya tatu ina karibu kila kitu. Ya nne ina picha ya nyumba ilivyokuwa Machi.

Tiba basi ni kuiwasha safu kwa diski tatu za kwanza, kwa kutaja majina yake, na kuilazimisha: mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1. Ya nne usiitaje. Ikiingizwa kama diski halali, pariti za leo zitachanganyika na data za Machi, na mafaili yatatoka yakiwa na vipande vya nyakati mbili. Kulazimisha ni kuandika, tena ni kuandika kwa maksudi: mdadm inaipandishia sdd1 hesabu yake ilingane na wenzake. Tofauti ya matukio 3 maana yake ni kwamba mafaili machache yaliyokuwa yakiandikwa wakati ule yanaweza kuwa na dosari. Tofauti ya 9,345, ile ya sde1, huwezi kuivumilia.

Kabla ya kulazimisha kuna kinga mbili. Ikiwa sdd1 inaonyesha sekta zinazosubiri, inakili kwanza yote kwenye diski mpya kwa ddrescue, kazi ya Antonio Diaz Diaz. Hii inachukua sehemu rahisi kwanza, inarudia ngumu baadaye, na inaweka ramani ili umeme ukikatika usianze upya. Kisha washa safu kwa nakala hiyo. Kinga ya pili ni kuweka juu ya kila diski tabaka la muda, kwa kutumia dmsetup, ambalo hupokea maandishi yote katika faili la pembeni huku diski yenyewe ikibaki haijaguswa. Ukikosea unatupa tabaka, unaanza tena. Inahitaji uvumilivu wa kusoma mwongozo, na wengi wanairuka kwa sababu hiyo tu.

Safu ikiwaka, usikimbilie fsck, chombo cha kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili. Kwanza ifungue kwa kusoma tu, na kwa ext4 ongeza neno noload: mount -o ro,noload. Bila neno hilo, ext4 hata ikiambiwa isome tu inaweza kuandika, kwa sababu itataka kukamilisha jarida lake. Fungua picha kubwa kadhaa, video ndefu, hifadhidata kama unayo. Toa nje yale yasiyo na nakala mahali pengine. Hapo ndipo fsck -n, inayosoma bila kurekebisha, itakapokuwa na faida.

Sasa nitaje amri tatu ambazo mtu akizipiga katika saa hiyo ya kwanza, mimi hukunja mikono.

Ya kwanza ni mdadm --create. Watu husema: safu haiwaki, basi niiunde tena kwa diski zile zile. Kuunda ni kuandika superbloku mpya juu ya zile za zamani, na historia yote niliyowasomea sasa hivi inafutika. Tena mdadm ya leo haina desturi sawa na ya zamani: ukubwa wa kipande uliwahi kuwa kilobaiti 64, sasa ni 512, na mahali data zinapoanzia panabadilika kati ya toleo na toleo. Ukisahau neno --assume-clean, kazi ya kujenga diski ya mwisho inaanza mara moja juu ya data zako. Iko siku kuunda upya ndiyo njia iliyobaki, superbloku zikiwa zimekwisha kupotea, lakini hiyo ifanyike juu ya tabaka la muda tu, kwani diski nne zina mipangilio 24 na huenda ukalazimika kuijaribu yote.

Ya pili ni --add juu ya diski iliyotoka. Mdadm za sasa zinakataa, na zinaeleza kwamba kufanya hivyo kutaigeuza diski kuwa ya akiba tu. Lakini ujumbe ule ule unamalizia kwa kukuelekeza: ukitaka iwe akiba, tumia kwanza --zero-superblock. Mtu aliyechoka saa nane usiku anausoma kama dawa aliyoandikiwa, na hiyo ndiyo amri yangu ya tatu. Akishaipiga, sdd1 haijui tena kwamba iliwahi kuwa ya tatu.

Mzee mmoja hapa mbele ananitazama kwa mashaka. Ndiyo, mzee wangu, chombo chenyewe kinasema hivyo, kwa maandishi.

Nisisahau hali moja inayofanana na hii na si mbaya kama inavyoonekana. Umeme ukikatika katikati ya kuandika huku safu tayari ni pungufu, kerneli inakataa kuiwasha ikisema ni chafu na pungufu kwa pamoja. Sababu ni ya haki: data ziliandikwa, pariti labda bado, na diski iliyokosekana haiwezi kukokotolewa kwa uhakika. --force inaivusha, kwa masharti yale yale ya kutazama mafaili kabla ya kurekebisha. Na safu ikizinduka na jina md127 badala ya md0, usihangaike. Mara nyingi ni faili la mipangilio lililopitwa na wakati ndani ya picha ya kuwashia kompyuta. Lisahihishe, kisha endesha update-initramfs -u kama unatumia Debian au jamaa zake.

5. Kujenga upya ni mtihani wa diski zilizobaki

Diski mpya ikiingia, kila sekta ya zile nyingine inasomwa, hata zile za picha ambazo hakuna aliyezifungua kwa miaka mitano. Diski ya terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua zaidi ya saa 7. Ya terabaiti 20, hata kwa megabaiti 200, ni karibu saa 28. Muda wote huo RAID 5 haina akiba.

Kuna hesabu inayozungushwa ili kututisha: watengenezaji wanaandika kosa moja la kusoma kwa biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kila terabaiti 12.5, kwa hiyo eti kuijenga upya safu yetu ya diski nne, zikiwa za terabaiti 4, kunakosoma terabaiti 12, kunakaribia kushindwa kila mara. Siikubali. Hicho ni kiwango cha chini anachojifunga nacho mtengenezaji, na diski nzima hufanya vizuri zaidi ya hapo. Kinachoangusha kazi hii ni sekta mbovu zilizokaa kimya bila kukaguliwa.

Kama diski inayoshukiwa bado inasoma, usiichomoe. Ingiza mpya kama akiba na tumia --replace, ambayo inanakili kutoka ile ya zamani na kuwaomba wengine msaada pale tu inaposhindwa. Na mnaponunua, ulizeni kama diski ni ya njia za kuandikia zinazolaliana, SMR. Mwaka 2020 iligundulika kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zilikuwa za aina hiyo, na Western Digital ikatoa orodha yake. Diski ya SMR inaweza kusoma vizuri tu, lakini ikilazimishwa kuandika mfululizo kwa saa nyingi hupunguza mwendo hadi safu ikaiona haijibu. Kwa diski za mtumba, angalia SMART namba 9, saa za kazi, ukikumbuka mwaka una saa 8,760. Hata hiyo nayo inachezewa: mwanzoni mwa 2025, huko Ujerumani, iligundulika kuwa diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya baada ya hesabu hiyo kufutwa.

6. Ukimya

Turudi kwa sde1, iliyoanguka Machi. Mdadm huwa na mlinzi wake, --monitor, na kwenye mipangilio yake kuna mstari wa MAILADDR. Lakini kompyuta nyingi za nyumbani hazina njia ya kutuma barua pepe, na onyo linaishia kwenye sanduku la ndani ambalo hakuna anayelifungua. Upo mstari mwingine, PROGRAM, unaoita programu yoyote unayotaka. Unaweza kuandika hati ya mistari mitano inayotuma ujumbe wa simu. Kisha jaribu: mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Kama simu haijalia, huna mlinzi.

Ukaguzi nao. Debian hupanga kuisoma safu nzima Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku. Nyumba inayozima kompyuta usiku ili kuokoa umeme inaweza kukaa mwaka mzima bila ukaguzi hata mmoja. Sogezeni saa. Ukimalizika, tazameni mismatch_cnt, yaani hesabu ya sehemu zisizolingana. Kwenye RAID 1 yenye eneo la swap namba ndogo inaweza isiwe ugonjwa. Kwenye RAID 5 inahitaji maelezo. Na msipige repair kabla ya kuyapata, kwa sababu md haijui kama aliyekosea ni data au pariti. Itaziamini data na kuiandika upya pariti.

Ndugu Mwenyekiti, udhaifu huo wa mwisho ndio unaoonyesha mambo yanakoelekea. Mifumo ya mafaili ya ZFS na Btrfs inaweka alama ya uhakiki kwa kila bloku, kwa hiyo inajua ni nakala ipi iliyoharibika. OpenZFS 2.3, iliyotoka Januari 2025, sasa inaruhusu kuongeza diski moja moja kwenye safu ya RAIDZ, ile ya pariti ya ZFS, jambo ambalo kukosekana kwake kwa miaka mingi kuliwazuia watu wa bajeti ndogo. Btrfs inafaa kwa nakala za RAID 1, ila kuhusu RAID 5 na 6 zake watunzi wenyewe bado wanaonya. Na kwa wasiotaka kuhama, Linux ina dm-integrity, inayoweza kuwekwa chini ya md na kuipa macho iliyoyakosa, kwa gharama ya kasi. Natamani mmoja wa wanafunzi waliopo aipime kwenye kompyuta hizi hizi za mtumba na atuletee namba.

Mwezi ujao, Mwenyekiti akiridhia, tufanye kwa mikono. Hatuhitaji diski: mafaili manne ya megabaiti 200, yakiunganishwa kwa losetup, yanatosha kuunda safu halisi ndani ya kompyuta moja. Kundi la kwanza litaivunja safu litakavyo, litoke nje. La pili litaingia bila kuambiwa kilichotokea, na kwa nusu saa ya mwanzo halitaruhusiwa kupiga amri yoyote inayoandika. Majina ya washiriki yaandikwe kwa katibu, pale mlangoni. Naona mikono imeshaanza kuinuka; tuanze na dada wa kule nyuma, kisha mzee wangu wa hapa mbele mwenye swali la --zero-superblock.